Mwalimu wa Bibi Harusi

"Jumamosi, baada ya adhuhuri," Rafiq alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyezungukwa na watu. "Sitakuja peke yangu. Nakuja na mama."

"Mama yako?"

"Mama yangu. Jitahidi, Marlène. Unajua ni mtu wa heshima zake."

Simu ikakatika. Marlène alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, simu bado mkononi. Mwanamke aliyependa miaka miwili, akapenda kwa kujificha, angelielewa vipi neno lile? Mama wa mwanamume hapelekwi kwa msichana kwenda kuonja chai. Kwao Bukavu ilikuwa hivyo, na kwa jinsi alivyowafahamu watu wa Kibuli, mtaa wa kina Rafiq hapa Kampala, kwao nako kulikuwa hivyo hivyo.

Basi akafanya kazi kama watu wanne. Ubao wa kufundishia akauegemeza nyuma ya mlango, madawati ya wanafunzi akayatoa uani, akapiga deki sakafu hata ikang'aa. Bucha ilikuwa pale pale Kisugu, karibu na lango, lakini alipanda bodaboda hadi Kibuli kununua nyama kwa mchinjaji Mwislamu, na akamwuliza mara mbili kama ameichinja mwenyewe. Alipika pilau kama Rafiq alivyowahi kumwelekeza. Alivaa kitenge kipya cha mikono mirefu, akafunika nywele zake. Akajitazama kwenye kioo, akajiambia kwamba mwanamke yule wa kwenye kioo angeweza kuwa mkwe wa mtu.

Kilichowakutanisha kilikuwa Kifaransa. Rafiq alikuwa wakili mjini, na kesi za viwanja zilikuwa zimemchosha. Leo anamtetea mtu dhidi ya jirani yake, kesho anamtetea jirani huyo dhidi ya nduguye. "Nikifa," alizoea kusema, "watasema huyu maisha yake yote aligombania mipaka ya watu wengine." Tangu chuoni alitamani kazi ya ubalozi. Wizara ilipotangaza nafasi, rafiki yake mmoja alimwambia kwamba mawakili ni wengi kama mchanga, lakini wakili anayesema Kifaransa hutafutwa kwa tochi. Ndipo akaelekezwa Kisugu, kwa Mkongomani mmoja anayefundisha wauguzi na wafanyabiashara sebuleni kwake.

Mwanzoni walisoma. Baadaye walisoma na kutazamana. Mwishowe, wanafunzi wengine wakishaondoka, vitabu vilifungwa na wao wakabaki.

Usaili ulipokaribia, Marlène alijigeuza kuwa jopo zima la wasaili. Alikaa nyuma ya meza, akavaa miwani ya kuazima, akamhoji kuhusu mikataba, wakimbizi na sheria za bahari. Rafiq akikosea, anamrudisha mlangoni aingie upya.

"Bwana wakili, kwa nini mtu mwenye ofisi yake anataka kwenda kumbebea balozi mkoba?"

"Kwa sababu, Bi Mwenyekiti, mipaka ya viwanja nimeshaijua. Sasa nataka kuijua ya nchi."

Wakicheka, walicheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Alipita. Walimpa Brussels, katibu wa tatu ubalozini. Siku alipopata habari alikuja mbio, akamwinua Marlène juu kama mtoto, akamwambia kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja: "Ushindi huu ni wetu, mimi na wewe." Yeye aliyaamini maneno hayo. Angeachaje kuyaamini, na lugha yenyewe alimfundisha yeye?

Gari lilisimama langoni. Marlène alichungulia dirishani, akamwona Rafiq anashuka, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Akashuka mama mtu mzima, buibui limemkaa kama limeshonewa mwilini mwake. Kisha akashuka msichana, mrefu, mweupe kidogo, anatembea ameinamisha macho. Marlène akakumbuka kwamba Rafiq ana dada. Akafurahi zaidi. Kumbe amekuja na dada pia.

"Asalaam aleikum," alisema mama, akisimama kizingitini.

"Aleikum salaam, Mama. Karibuni mu nyumba. Karibuni sana."

Mama yule, jina lake Bi Salme, alitabasamu. "Mu nyumba," alirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Sisi twasema nyumbani. Lakini si neno, mwanangu, tumekuelewa."

Wakaketi. Rafiq aliketi karibu na mlango. Marlène alimtafuta kwa macho, amwashirie kwamba mambo yote yako tayari, lakini macho ya Rafiq yalikuwa yameng'ang'ania ubao ule ulioegemezwa nyuma ya mlango. Akadhani ni haya. Mwanamume akileta wazazi wake huona haya.

Alileta maji ya kunawa, akaleta sinia. Harufu ya pilau ikajaa chumba. Bi Salme aliitazama nyama.

"Imechinjwa na nani?"

"Na Mwislamu, Mama. Nimeinunua Kibuli kwenu kule. Nilimwuliza mwenyewe."

"Umefanya vyema kuuliza. Ila sisi tumeshakula." Alilisogeza sinia pembeni kwa ncha za vidole. "Chai tu yatosha."

Marlène alimimina chai. Alijiambia kwamba wazee ndivyo walivyo, posa ya kwanza haikosi ukali.

Bi Salme alinywa kidogo, akakirudisha kikombe. "Mwanangu amekusifu sana," alianza. "Amesema kama si wewe, asingepita usaili ule. Nikamwambia, mtu aliyekutendea wema namna hiyo hatuwezi kuondoka bila kumshukuru. Na si kumshukuru tu. Tunalo ombi."

"Ndiyo, Mama."

"Huyu hapa ni Ruqayya, binti Abubakar. Baba yake ana duka la nguo soko la Owino, watu tuliojuana nao tangu babu zetu. Ni mchumba wa Rafiq. Nikaha mwezi ujao, inshallah, kisha wanasafiri pamoja." Alimgusa msichana begani. "Sasa Kifaransa hajui hata neno moja. Na mke wa mtu wa ubalozi hawezi kuketi mezani kama bubu. Nikafikiri, tutafute wapi mwalimu mwingine, na aliyemfundisha mume yupo?"

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza ndizi. Marlène aliisikia sauti ile vizuri sana, na kwa muda hakusikia kitu kingine. Alimtazama Rafiq. Rafiq hakuinua kichwa.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, Mama."

"Utamfundisha?"

Marlène aliinua birika, akamwongezea Bi Salme chai ambayo hakuomba. Tone moja likaanguka mezani, na Bi Salme akalitazama tone lile mpaka likatulia. Hapo Marlène akajua. Mama huyu hakuja kutafuta mwalimu. Alijua kila kitu, na amekuja kuona kwa macho yake jinsi kinavyokatika.

"Nitamfundisha," alisema. "Lakini kwanza, Mama, ninaomba nimpime mwanafunzi wangu wa zamani. Bibi harusi asikie lugha inavyosemwa na mume wake."

"Si vibaya," alisema Bi Salme. "Rafiq, sema na mwalimu wako."

Marlène alimgeukia. Akazungumza kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ile ile ya wasaili. "Bwana wakili, uliponiambia unakuja na mama yako, nilidhani anakuja kuniposa. Ndiyo maombi yenyewe haya?"

Rafiq aliinua kichwa. Akajibu kwa Kifaransa, "Nakuomba, si hapa."

"Anasema nini?" aliuliza Bi Salme.

"Ananiuliza kama niko tayari kwa kazi," Rafiq alisema kwa Kiswahili. "Nimesema niko tayari."

Marlène hakuyaondoa macho yake usoni pake. "Posa ya huyu ilipelekwa lini?"

"Marlène."

"Jopo linasubiri jibu."

"Kabla ya Ramadhani."

Ramadhani. Usaili ulifanyika baada ya Idi. Mwezi wote ule wa mfungo alikuwa akija jioni, yeye anamwandalia uji wa kufuturu na tende, anamhoji, anamsahihisha, anamrudisha mlangoni aingie upya. Na wakati wote huo baba wa msichana ameshaitikia.

"Anauliza nini tena?" alisema Bi Salme.

"Anauliza habari za Ubelgiji. Baridi yake."

"Umedanganya vizuri," Marlène alimwambia, bado kwa Kifaransa. "Utapanda cheo upesi. Swali la mwisho. Unampenda?"

Akaelekeza kidevu kwa Ruqayya. Msichana akainua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makubwa, meusi, na hayakuwa ya mtu mjinga.

Rafiq alimtupia mchumba wake jicho. Kisha akasema neno moja. "*Convenable*." Lilikuwa neno alilofundishwa pale pale sebuleni, siku walipokuwa wanachagua suti ya kuvaa mbele ya wasaili. Maana yake ni kitu kinachofaa, kinachostahili mahali pake.

"Na hilo je?" aliuliza mama.

"Ameuliza kama Ruqayya ana nia ya kujifunza. Nimesema anayo."

"Alhamdulillah," alisema Bi Salme, akajiinua. "Basi mambo yamekwisha. Siku na saa mtapanga wenyewe wasichana. Rafiq, muage mwalimu wako, sisi tunakusubiri garini. Usikawie."

Alitoka, na Ruqayya akamfuata. Hatua zao zilipofika langoni, Rafiq aliurudisha mlango, akaja mbio kumshika mikono. Marlène aliirudisha nyuma.

"Nisikilize," Rafiq alisema. "Sikuwa na la kufanya. Baba alipofariki, mama alibaki ananitegemea mimi. Aliniambia nikioa mtu asiye wa kwetu, hatanisalimia tena mpaka nimzike. Ungetaka nifanye nini?"

"Uniambie."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Kwa lugha yoyote. Unazo nne."

"Nilitaka kukuambia kila siku. Nikija, nakukuta umevaa ile miwani, umefurahi. Nikasema, acha usaili upite kwanza."

"Acha usaili upite," Marlène alirudia. "Kwa sababu ungeniambia mapema, nani angekufundisha?"

Rafiq hakujibu.

"Siku ile ya kwanza uliyonieleza kazi yako, ulisema wakili haogopi shahidi anayepiga kelele, anamwogopa mteja wake mwenyewe anaponyamaza, maana huyo amekwisha kukiri. Umenyamaza, Rafiq."

"Nilikupenda. Nakupenda sasa hivi." Machozi yalikuwa yamemjaa, ya kweli, na hilo ndilo lililomkata Marlène zaidi ya yote. Angekuwa mwongo mtupu, ingekuwa rahisi. "Nipe mwaka mmoja. Nikishatulia kule nitakutafutia kazi, shule za lugha ziko tele. Nitakuletea mwaliko. Dini yangu hainikatazi kuwa na mke wa pili. Mama hana haja ya kujua. Ruqayya naye ni mtu wa nyumbani, hataleta fujo."

"Na mimi niwe wapi?"

"Mjini. Karibu. Nitakuwa nakuja."

"Baada ya wanafunzi kuondoka," alisema Marlène.

"Usiseme hivyo."

"Unataka nisemeje? Nimetoka Bukavu na begi moja, nimezika watu wangu, nimejifunza kula peke yangu. Nikaja nikafikiri nimepata mtu wa kula naye. Kumbe nilikuwa nakupikia safari." Alizungumza taratibu, kama anayesoma. "Nenda, Rafiq. Na nikupe somo la mwisho, bure. Kifaransa chako ni kizuri, lakini kila unapodanganya unatamka haraka. Wazungu watakujua siku ya kwanza."

Uso wa Rafiq ulibadilika, kama mtu aliyepigwa kibao mbele ya watu. Alifungua mdomo. Kabla hajasema, mlango uligongwa, ukafunguliwa. Alikuwa Ruqayya.

"Mama anakuita," alimwambia Rafiq. "Anasema jua linampiga garini."

"Twende."

"Tangulia. Napanga siku na mwalimu."

Rafiq aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine. Alionekana kama mtu anayetaka kubaki na pia kukimbia. Akakimbia.

Ruqayya hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, mikono ndani ya buibui. "Lile neno alilosema uliponionyesha kwa kidevu," alisema, "lina maana gani?"

Marlène angeweza kudanganya. Angeweza kusema maana yake ni mzuri, au mpole, au ua. Lakini kifua kilikuwa kinamwaka, na msichana huyu alikuwa amesimama mahali ambapo yeye mwenyewe alisimama asubuhi, akijitazama kwenye kioo.

"Nilimwuliza kama anakupenda," alisema. "Akasema unafaa."

"Kama nguo."

"Tulilitumia kwa suti."

Ruqayya alitikisa kichwa kidogo. Midomo yake ilibana, lakini hakulia. "Nimekulia dukani Owino," alisema. "Nguo inayofaa ndiyo inayonunuliwa. Ile inayopendwa watu huishika, huipimapima, kisha huirudisha juu ya fungu."

Neno lile lilimwingia Marlène hasa.

"Nilijua tangu tulipoingia," Ruqayya aliendelea. "Mwalimu gani anapikia mwanafunzi pilau ya namna ile? Bi Salme alinambia njiani, 'Mtazame vizuri, ili usije ukaambiwa na watu.' Mimi sikutaka kuja."

"Sasa umenitazama. Utaolewa naye?"

"Ataniozesha baba yangu. Ameshakula yamini mbele ya watu, msikiti mzima unajua."

"Unaweza kukataa. Wewe una mdomo."

"Wewe huna baba hapa Kampala, ndiyo maana waona rahisi."

"Sina baba popote."

Ruqayya aliinamisha macho. Kwa dakika moja alionekana mdogo sana, mtoto aliyevishwa nguo za mtu mzima. Angeweza kusema pole. Neno lilimfika mdomoni, Marlène aliliona. Lakini alipoinua uso tena lilikuwa limekwisha kumezwa.

"Nitakwenda naye," alisema. "Nimechoka kukunja mitumba. Nitakwenda Ulaya, nitazaa watoto, na atazoea. Wanaume huzoea. Sitarudi hapa kusoma, nitamwambia Bi Salme umekataa. Nakuomba jambo moja tu. Akikupigia simu kutoka kule, na atakupigia, usipokee."

"Na nikipokea?"

"Basi utakuwa umesubiri simu maisha yako yote, na mimi nitakuwa nimelala pembeni yake, nasikia. Hata kama sijui lugha."

Aligeuka, akatoka. Hakuufunga mlango. Kupitia mlango ule Marlène aliona Rafiq akimfungulia mchumba wake gari, akimshikia buibui lisibanwe, taratibu, kwa adabu zote za kibalozi. Hakugeuka kutazama nyuma. Gari likarudi kinyumenyume, likakata kona, vumbi jekundu likapanda na kushuka.

Alitoka hadi uani kwa sababu ndani hakukuwa na hewa. Wanawake wa nyumba zile walikuwa wanafua bombani. Waliliona gari, waliiona kanzu, walimwona mama mwenye buibui. Shamirah, jirani wa mlango wa pili, Mganda mwenye sauti ya kipaza sauti, alidondosha nguo kwenye beseni akaja huku anajifuta povu mikononi.

"Maama," alisema, "mimi nimeona wao yote. Yule ni mama yake? Walikuja kusema alusi?"

Marlène alitaka kusema kitu kingine, lakini kinywa chake kilikuwa na jibu moja tu.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwezi ujao."

Shamirah alirusha kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kilipasua uwanja mzima. Wanawake wa bombani wakadaka, mmoja akagonga beseni kwa kofi la sabuni, mwingine akaanza kukata kiuno palepale kwenye matope, na milango ya nyuma ikafunguka mmoja mmoja, watu wakitoka kuuliza ni nani, wakiambiwa, wakaitikia. Shamirah alimkumbatia kwa nguvu, akamzungusha mara moja, mara ya pili. Kisha akasimama. Alimshika mashavu, akamtazama.

"Mbona wewe nalia namna hii? Hii si machozi ya fulaha."

"Harusi ipo, Shamirah," alisema Marlène. "Lakini si yangu."

Shamirah aliachia mikono. Aligeuka kuwanyamazisha wenzake, akawapungia, akawapigia kelele kwa Kiganda waache. Wa karibu waliacha. Wale wa mwisho wa uwanja, kule kwenye kamba za nguo, hawakusikia, nao walikuwa ndiyo kwanza wamepata habari njema. Wakaendelea kupiga vigelegele na kumwita jina lake.